Nyumba Zisizoitika Hodi

Katika kichochoro chetu hapa Shela, ni nyumba yetu tu iliyobaki na mwenyewe. Nyingine zimenunuliwa na matajiri wa mbali, zikaongezwa ghorofa na kupakwa chokaa nyeupe. Wenyewe huja Disemba, wakaondoka kabla hatujazizoea sura zao. Waliouza walihamia Mokowe na Mombasa.

Funguo za nyumba hizo naweka mimi. Kila siku hufungua madirisha, hufungulia mifereji maji yasivunde mabombani, na hukung'uta mito ambayo hakuna aliyeilalia. Ni kazi isiyotaka maneno, ndiyo maana niliipenda. Lakini kila nifunguapo mlango huhisi kama watu walikuwa wakizungumza ndani, wakanyamaza waliposikia ufunguo.

Magharibi taa za nyumba hizo hujiwasha zenyewe. Bibi yangu, aliyenilea, huziona kutoka darini na kuwataja majirani zake wa zamani: yule amerudi, yule ana wageni. Sikuwahi kumsahihisha.

Mwaka huu mjomba alikuja kutoka Mokowe na habari ya mnunuzi. Alisema Bibi amedhoofika miguu na mtaa umekwisha. Bibi akamjibu kwamba majirani wapo, taa zao zaonekana.

"Mama, jirani zako ni nyaya za umeme," mjomba akasema, kisha akaniomba nimpeleke Bibi akajionee.

Tulikwenda alasiri, mimi na Bibi, mlango wa mbele yetu, nyumba ya marehemu shoga yake. Nilipotia ufunguo Bibi alinishika mkono. Kwetu huingii nyumba ya mtu hodi yako isipoitikwa. Ukibisha mara ya tatu kimya, warudi. Akapiga hodi. Sauti yake ilipanda ngazi za ndani, ikazunguka vyumba vya juu, ikaturudia. Mara ya pili hivyo hivyo. Baada ya mara ya tatu akageuka kurudi.

Niliogopa kwamba asipoingia ataendelea kuamini majirani wapo. Nikafungua, nikaingia peke yangu, nikarudisha mlango, na gizani nikaitika, "Karibu." Iliyotoka haikuwa kama sauti yangu.

Bibi aliingia akitabasamu.

"Mwenyewe u wapi?"

"Hayupo, Bibi. Ni mimi niliyeitika."

Hakukasirika. Alitembea akishika kuta mpaka uani, palipokuwa na jiko la shoga yake. Sasa pana bwawa la kuogelea. Maji yalikuwa yametulia kabisa, na bado mwanga wake ulicheza ukutani kana kwamba mtu ametoka kuoga sasa hivi.

"Mai haya yaogwa ni nani?"

Nikamwambia hayaogwi na mtu.

"Na siku yangu, jeneza litatukuliwa ni nani?"

Kwetu jeneza hupita bega kwa bega, wanaume wa mtaa wakipokezana, kila mmoja akitaka thawabu yake. Katika kichochoro chetu lilikuwa limebaki bega langu tu.

Tuliporudi mjomba alikuwa akinywa chai, maneno yake ameyapanga. Bibi hakumngoja.

"Uza. Nitafutie chumba huko kwenu, karibu na msikiti, penye wanaume wengi."

Mjomba aliweka kikombe chini. Bibi akaanza kukunja msala wake, alasiri ile ile, kama mtu ambaye boti inamsubiri.