Siku Nilipombeba Koko kwa Shairi

Najua wengine wenu mlikuwepo na mlicheka, na hata leo nikipita sokoni kuna mama mmoja ananiita Unyoya, kwa hiyo afadhali niieleze aibu yangu mwenyewe kuliko kuiachia midomo ya watu wa mtaa wetu wa Rwambuzi.

Ilikuwa siku ya kumaliza matanga ya baba mkubwa Zakaria. Vita ilipotufikia tulikimbilia kambi ya karibu na uwanja wa ndege, na koko yetu, mama yake baba, magoti yake hayakumruhusu kukimbia, na ni Zakaria aliyerudi chini ya risasi, akampakia kwenye pusupusu yake ya kubebea matofali, akamsukuma mpaka kambini (homa ya huko huko kambini ndiyo iliyomuua baadaye). Mimi? Mimi nilikuwa mjukuu aliyelala naye nyumba moja, miaka kumi na tisa na mabega mawili mazima, nikachagua katoni ya makaye, madaftari yangu yenye riwaya nzima, nikakimbia nayo kichwani huku Koko akinitazama kutoka kizingitini. Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo, na kila aliponiomba maji nilihisi ananiomba jibu.

Sasa familia ikasema, weye unajua kuandika, utatusomea kitu. Picha ya Mauti niliipata upesi, nikaiweka mlangoni na mizani mkononi kama mnunuzi wa dhahabu, inauliza nani abaki, nani aende. Taabu ilikuwa pusupusu. Haikukubali kuingia kwenye mshororo, nikaisukuma kushoto, nikaisukuma kulia, ikavunja vina vyote, na tena ilinuka saruji katikati ya maneno matamu, basi nikafanya uamuzi mdogo, mdogo kabisa: nikaitoa pusupusu, nikamtoa na Zakaria mwenyewe, mahali pao nikajiweka mimi.

Mchana ule, chini ya bashe, turubai la kukinga jua, mbele ya viti vyote vya plastiki tulivyoazima, nikasimama, nikamgeukia Koko, nikafumba macho (kosa la pili) na kughani:

Mauti yu mlangoni, ananiuliza haya,
Nilikubeba begani, mwepesi kama unyoya.

Nilipofumbua macho hakuna aliyelia. Mama mkubwa Furaha, mjane wa Zakaria, alinitazama kama mtu aliyemkuta jirani amevaa koti la mumewe. Koko, ambaye hujaza kiti chake na robo ya kiti cha pili, akainua fimbo.

"Ni nani ulibeba?"

"Ni... ni weye, Koko."

"Ah. Kuya basi. Choo iko kule nyuma. Unibebe."

"Koko, shairi ni mfano tu."

"Hata miye niko mfano. Inama!"

"Mumuache abebe!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. "Manyoya haina kilo!"

Nikainama. Hatua ya kwanza nilimshukuru Mungu, ya pili nilimwita, ya tatu goti likakataa, na kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na tope la Bunia halijui huruma, tukateleza sote wawili tukatua katika beseni la majani ya sombe lililokuwa likingojea sufuria, mimi chini, yeye juu.

Alicheka mpaka tumbo lake likanitikisa. Halafu akaleta mdomo sikioni mwangu, na sauti ikawa nyingine.

"Siku ile nilikuona na katoni yako. Nilisema, asante Mungu, huyu mutoto iko na akili. Kama ungenibeba, hata pa barabara hatungefika, wenye bunduki wangetukuta hivi hivi, wawili. Sikukasirika. Leo ndiyo nimekasirika. Simama, uwaambie ni nani alinisukuma."

Nikasimama, majani ya muhogo yakining'inia masikioni, nikasema bila mfano wowote: ni Zakaria, mimi nilikimbia na makaye. Mama mkubwa Furaha akalia, sasa ndiyo akalia, halafu akaniona vizuri jinsi nilivyokuwa kijani, kicheko kikamponyoka, akanimwagia maji ya kunawa.

Bado naandika. Mauti naifananisha na chochote nitakacho, haijawahi kulalamika. Lakini tendo la mtu silihamishi tena kwa ajili ya kina, na sitaandika kwamba nimembeba mtu kabla sijainama kwanza nikampima uzito.