Uji wa Wachira Mkubwa

Nitakiri mapema, kabla hamjaanza kunipenda: nilipokuwa na miaka tisa, nilimtilia mjomba wangu pombe kwenye uji. Ndiyo maana hadi leo, nikinusa uji uliochacha, mkono hukimbilia sikio langu la kushoto wenyewe.

Mjomba ni Wachira, na mimi ni Wachira. Mimi ni mvulana wa nne, na kwetu mvulana wa nne hupewa jina la kaka wa mama, apende asipende. Watu huamini jina huja na mizigo yake yote. Nikipanda paa, "jina limeanza kazi." Nikimwiga pasta wetu wa kanisani, "huyu ni Wachira mtupu, ficheni chupa." Inachosha, jamani. Mtoto hata soda anagawiwa nusu, na tayari ameshahukumiwa ulevi.

Lakini kisirisiri nilijivunia, maana Wachira Mkubwa akilewa alikuwa anachekesha kuliko redio. Halafu akapelekwa kituo cha kuacha pombe, akarudi amenyamaza kama friji iliyochomolewa.

Siku yenyewe ilikuwa ya mahari ya mama mdogo, nyumbani kwa cucu, nyanya yetu, kijijini Gakindu. Wageni walijaa hema, wazee wakiwa na mtungi wao wa muratina, ile pombe ya asali, sisi wengine na vibuyu vya uji. Mjomba alikaa pembeni na suti yake, akipangusa viganja kwenye suruali.

"Wachira, huko walikutoa pombe ama ulimi?" mzee mmoja akauliza, na hema lote likacheka. Mjomba akatabasamu, akapangusa viganja tena.

Nikaona hakuna mtu mwenye akili hapo ila mimi. Nikachota nusu kikombe kwenye mtungi wa wazee, nikamimina ndani ya kibuyu chake. Uji wetu ni mchachu, nikajua ladha zitafichana.

Hazikufichana. Alipiga funda moja, akatulia nalo mdomoni, akazunguka nyuma ya jiko na kulitema kwenye sukumawiki. Kisha hatukumwona tena hemani.

Mama alinusa kibuyu. Akanusa vidole vyangu. Alishika sikio, tukaenda sokoni hivyo, yeye na viatu vya sherehe, mimi nikitembea upande kama kaa. Tukaingia baa baada ya baa.

"Mmeona ndugu yangu?"

"Bado," walevi wakamjibu. "Lakini kiti chake kiko. Mwambie tunamngoja."

Mama alikaza vidole, na sikio langu likasikia hasira yote.

Tulimpata tukirudi, katikati ya shamba la kahawa la cucu. Alikuwa anachuma, na suti yake na tai yake. Alivuta chochote bila kuchagua, hivi kwamba kikapuni mlikuwa na kahawa nyekundu, ya kijani na majani, uchafu ambao kiwandani wangemrudishia usoni.

"Wageni wameenda?" akauliza bila kugeuka.

"Bado," mama akasema.

"Basi wacha nimalize huu mstari."

Juzi shuleni, mwalimu wa ushauri alituambia kwamba watundu, wale wasiotulia na wanaotaka kuonja kila kitu, ndio huishia kwa pombe. Darasa zima likanigeukia. Nikainua mkono nikauliza, "Na waoga je, mwalimu?" Akaniambia nikae chini niache mzaha, na kwa mara ya kwanza sikuwa nafanya mzaha. Wametupima miaka yote, Wachira na Wachira, na wamepima mahali ambapo siko naye sawa hata kidogo. Huenda kuna njia zaidi ya moja za kufika baa. Yake naijua, yangu bado naangalia ninapokanyaga.

Siku ile shambani mama hakunichapa. Angenichapa ningesahau. Alivua viatu, akaachilia sikio langu, akaniangalia kama mtu aliyechoka na majina yote mawili, akasema:

"Ulifikiria anakunywa ndio awachekeshe. Huyu ameogopa watu tangu akiwa mdogo kuliko wewe, Wachira. Alikuwa anakunywa ndio aweze kukaa na nyinyi. Sasa chukua kikapu uende mchume na yeye. Na leo, tafadhali, usichekeshe mtu."