Siku mbili za kukimbiza kosa lake mwenyewe

Saa mbili kasorobo asubuhi, fundi ameshafungua mfuniko wa mashine ya joto ya watoto njiti, na mahali pa kipasha joto amefunga balbu. "Nikiisimamisha programu wakati joto limewaka, litaendelea kupanda tu," ananieleza. "Balbu haiunguzi mtu."

Simu inaita. Ni muuguzi mkuu wa wodi ya watoto wachanga, ambaye hupiga kila asubuhi.

"Mwanangu, vipi mgonjwa wetu?"

"Bado, mama. Ila leo atasema tu."

Mgonjwa ni mashine hiyo. Huzima joto yenyewe kila baada ya dakika arobaini hivi. Wodini zimebaki mbili nzima na watoto ni watatu, hivyo wawili wamelazwa pamoja. Isipopona kufikia Ijumaa, hii na nyingine tano zenye ugonjwa huohuo, zilizobaki hospitali, zitaandikwa mbovu na kutupwa. Leo ni Jumatano.

Fundi huyu wa kike amesaka makosa ndani ya programu za mashine kwa miaka kumi na moja, kwenye chumba chenye meza mbili na feni moja inayolalamika. Shemeji zake bado humpelekea redio zilizokufa. "Nimechoka kukataa, siku hizi natengeneza tu," anacheka.

Silaha yake ni brekipointi: alama ya kuiamuru programu isimame mahali fulani, ili aone kinachoendelea ndani. Ziko za aina mbili, na hapo ndipo alipojikwaa.

"Ya programu inafuta agizo moja na kuandika 'simama' mahali pake. Unaweka nyingi utakavyo. Ya chipu haifuti kitu, chipu yenyewe inatazama tu. Lakini hizo ninazo nne tu, kwa hiyo nikazibania."

Ubahili huo ulimponza. Aliweka za programu, na mashine ikaanza kuzima kila dakika moja. Siku mbili nzima alikimbizana na kosa hilo jipya, akabadilisha hadi nyaya. Kumbe mashine hujikagua kila dakika, na ikikuta hata agizo moja limeguswa, huzima joto kwa usalama.

"Yaani mchawi nilikuwa mimi!" Anajipiga paji la uso. "Niliona aibu, nikatamani kulia. Siku mbili, na watoto wanabanana kule."

Leo amezifuta zote. Ameweka moja tu ya chipu, inayolinda mahali kinapohifadhiwa kiwango cha joto: chochote kikiandika hapo, programu isimame. Tunangoja. Mimi nasinzia, yeye wala.

Dakika ya thelathini na nane, programu inasimama. "Nimekukamata, mjinga wewe!" Sehemu ya programu inayopiga kengele inaandika ujumbe mrefu kuliko nafasi yake, nao unamwagikia kwenye kiwango cha joto; mashine ikikisoma kimeharibika, huzima. Kusahihisha kunachukua robo saa. Kisha anarudisha kipasha joto, anaondoa brekipointi, na kuiacha mashine iwake siku nzima.

Haizimi. Ijumaa asubuhi anatia sahihi fomu, na dereva wa hospitali anaichukua. Saa nane mchana muuguzi anapiga.

"Tumemlaza humo yule mdogo wa wale wawili. Peke yake, mwanangu! Ungemwona alivyojinyoosha!"

Fundi anafuta macho kwa kiganja. Anataka zile tano zote ziwe wodini kabla mwezi haujaisha.

"Dereva bado yuko hapo, mama?" anauliza. "Basi mpakilie ya pili, aniletee."