Kipande cha Uzito wa Jerotich

Zamani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati alifichwa chumba cha ndani, asionwe hata na mjomba wake, mpaka mashavu yajae. Siku hizi huandikwa kwenye kibao cha barabarani pamoja na bei ya mbuzi.

Kibao chenyewe kilikuwa Kikopey, kituo cha nyama choma kwenye barabara ya Nakuru, kando ya lami mbele ya bucha ya Weldon: MUUJIZA NYAMA CHOMA. Mzee Kipngeno, mstaafu wa reli aliyejifunza kusoma kwa magazeti ya kufungia nyama, alikisoma kila asubuhi akinywa supu, na kila asubuhi akakipa mgongo. Supu aliimaliza hata hivyo.

Muujiza ulikuwa Jerotich, binti ya Weldon. Alizaliwa mimba ikiwa ya miezi sita na siku chache, akalazwa Nakuru ndani ya kisanduku cha joto, mirija puani, hadi akaruhusiwa kwenda nyumbani. Mzazi mwingine angemshukuru Mungu akanyamaza. Weldon alimshukuru Mungu kwa kipaza sauti. Kila basi lilipoegesha, alikata kipande cha paja, akakitupa kwenye mizani, na sindano haikufika kilo.

"Boss, unaona hii? Msichana wangu alizaliwa hivi! Hivi tu! Na mifupa ndani!"

Abiria walishika vinywa, kisha wakakinunua kipande. Kipngeno aliwahi kumwona mchungaji mmoja akikiombea kwa machozi, halafu akaitisha kachumbari.

Jerotich, ambaye sasa alikuwa darasa la nne, alisimamishwa kando ya jiko apepee makaa ili wateja wamwone vizuri. Alikohoa asubuhi, akakohoa jioni. Siku moja mama yake, Wangui, alirudi kutoka kliniki na inhela ya kufungua kifua mfukoni na maneno ya daktari mdomoni.

"Amesema mapafu yake yalitoka kabla hayajaiva. Njia za hewa zilibaki nyembamba. Kifua kinaweza kumsumbua hata akiwa mtu mzima. Na huu moshi, Weldon, ndio unammaliza."

Weldon alicheka akigeuza mbavu. "Mimi ni mtu wa nyama. Nyama mbichi inaoza kwa siku mbili. Ukiikausha kwa moshi, inakaa. Kwani mapafu si nyama?"

"Ni nyama ya mtu anayepumua."

"Basi ameshazoea."

Kipngeno akaweka kikombe chini. "Weldon, hiyo nyama unayoikausha kwa moshi ilishakufa."

"Mzee, kunywa supu."

Mzee akanywa, akiwaza wazee wa kwao. Hawakujua mapafu yana njia ngapi, lakini walijua kwamba kitu kichanga hakianikwi. Weldon alikuwa na simu mbili na hakujua hata hilo.

Likizo ya Agosti ilileta mabasi mengi, na Weldon akaongeza onyesho la mbio: Jerotich akimbie kutoka jikoni hadi kwenye kibao, na kurudi. "Si huku ndiko wanakozaliwa wakimbiaji?" aliwaambia wateja. "Tazameni muujiza ukikimbia!"

Jerotich akakimbia. Alirudi akitembea, kisha akapiga magoti, ngozi ikizama katikati ya mbavu kila alipovuta hewa, midomo yake rangi ya maini. Watu walipiga makofi. Vijana waliinua simu.

"Cheki huyu! Anaigiza poa!"

"Tokeni mbele yake, wajinga nyinyi!" Kipngeno alipita katikati yao kwa fimbo, akambeba mtoto hadi upande upepo unakotoka. Wangui alikuja mbio, inhela mkononi. Walingoja pale chini, mama akihesabu pumzi za binti yake kwa midomo, hadi midomo ya mtoto ikarudi rangi ya mtu.

Weldon alibaki kwenye mizani, kipande mkononi. Kisha akarudi kugeuza mbavu.

Wiki ile ile Wangui alifunga mizigo. Dada yake wa Subukia alikuwa na jiko la gesi na nyumba juu ya kilima. Pikapu ya jirani ikaja kuwachukua.

"Na kibao, je?" Weldon aliuliza.

"Kiandike upya," mkewe akamjibu.

Weldon akamgeukia binti yake, sauti imeshuka. "Jero, njoo basi nikupime. Mara hii tu."

Jerotich hakuwa na pumzi za kupoteza. "Baba, pima mbuzi."

Akapanda mbele na mama yake, wakafunga kioo. Kipngeno alisimama na kikombe chake akiitazama pikapu ikipita bucha moja baada ya nyingine, jiko baada ya jiko, wachomaji wakiipungia mikono wakidhani ni mteja. Ilipolipita jiko la mwisho, kioo kilishushwa na mkono mdogo ukatoka. Haukumpungia mtu. Ulifunguka tu, ukashika upepo, na hiyo ndiyo mara ya mwisho mzee kuwaona.