Mokaya Aliponyamaza

Juzi, katika zahanati moja Keroka, muuguzi alimwambia mama mmoja kwamba mwanawe analia akikojoa kwa sababu ya maambukizi ya njia ya mkojo, na dawa itamponya.

Mdogo wangu, Mokaya, alilia vivyo hivyo nyuma ya migomba alasiri moja, mwili ukiwaka moto, mkojo ukinuka vikali. Msimu wa tohara ulikuwa umekaribia, kwa hiyo nilidhani anaogopa. Baba mdogo akamwita kwa jina la wasiotahiriwa: "Wewe omoisia! Mkojo tu unakuliza, kisu je?"

Mokaya akauma ukosi wa shati, akakojoa kimya.

"Haya, sasa huyu ni mwanamume," akasema baba mdogo, nasi tukapiga makofi.

Tulimzika kabla ya tohara.