Maman Ndani ya Dimbwi

Kwa miaka kumi nilipiga picha mbele ya kathedrale ya Bukavu, na nasema bila haya kwamba hakuna bibi harusi wa Ibanda, Kadutu wala Bagira ambaye sikumwambia anyanyue kidevu. Nusu ya Kivu ilipita mbele ya kamera yangu; nusu ya pili ilikuwa kwenye foleni. Diplome yangu niliipata kwenye masomo ya jioni, nikiwa na umri wa kumzaa mwalimu, lakini mchana nilikuwa pale pale, kamera shingoni.

Vita vya pili vya Kongo vilipofika, maharusi wakapungua. Waliobaki kutaka picha ni wale wenye ndugu Kinshasa, ng'ambo ya mapigano. Barua zilizunguka kwa mikono ya mapadri, zikapita nchi tatu, na kila ndugu wa kule aliuliza jambo moja: muji wetu ungali umesimama?

Shida ni kwamba kupiga picha majengo kulikatazwa. Askari mmoja alifungua kamera yangu, akaivuta filme yote hadharani kama mtu anayetoa matumbo ya samaki, kisha akauliza nani amenituma kuuza ramani ya muji. Nilimwambia maishani sijawahi kuuza hata kiazi. Hakucheka.

Tangu siku ile nikawa nangoja mvua. Kwetu haikawii, kuna miezi inanyesha mpaka vyura wanatafuta kibanda. Ikipungua tu, nachuchumaa kando ya barabara na kuinamisha kamera juu ya dimbwi. Mle ndani mlikuwa na posta, mlikuwa na nyumba za zamani zenye balkoni, mlikuwa na kuba la kathedrale, vyote miguu juu. Askari waliambiana kwamba mupiga picha amepata wazimu, sasa anapiga matope. Sikuwakatalia. Mteja alipopokea picha yake aliigeuza tu, na muji ukasimama.

Sasa, maman yangu. Aliuza sombe, yale majani ya muhogo, katika soko la Kadutu, na kila Jumapili baada ya misa aliniuliza ni lini nitampiga picha mbele ya kathedrale, na kitenge chake kizuri. Nami kila Jumapili nilimjibu kwamba filme ni ya wateja, angoje kesho. Hiyo kesho niliivuta kama mpira.

Asubuhi moja ya mvua nilikuwa nimepata dimbwi safi, maji yametulia, kuba lote limo ndani. Nikiwa nimeshika pumzi, akatokea ng'ambo ya dimbwi, mfuko wa plastiki kichwani, sufuria ya maharage mkononi. Aliniletea chakula, kutoka Kadutu, kwa miguu. Sikumwambia hata asante.

"Maman, rudia nyuma. Unaingia mu picha."

Alirudi nyuma, anacheka.

"Kumbe miye niko mubaya kushinda matope?"

Nikabonyeza. Nilikula maharage yale yakiwa bado moto.

Miezi michache baadaye homa ilimshika, siku zile risasi zilipofunga njia. Siku ya kwanza tulisema kesho tutampeleka hospitali. Siku ya pili mume wa dada yangu alijaribu kutoka, akarudishwa kwenye kona. Siku ya tatu njia ilifunguka, lakini maman alikuwa amekwisha kwenda.

Kwetu marehemu hatoki nyumbani bila picha. Inawekwa mezani wakati wa matanga, kisha inatangulia mbele ya jeneza, ili watu wa barabarani wajue wanavua kofia kwa nani. Tulipekua nyumba nzima. Kadi yake ya zamani, ile ya wakati wa Zaire, ilipotea tulipokimbia vita vya kwanza. Dada yangu mkubwa alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Hakupaza sauti.

"Weye mupiga picha wa muji muzima. Ya maman iko wapi?"

Nilikaa dirishani na negatifu zangu zote, utepe mmoja baada ya mwingine, nikiangalia dhidi ya mwanga. Maharusi, komunyo ya kwanza, maharusi, mbuzi wa mtu fulani aliyempenda kuliko mke wake. Hata mbuzi. Nilitafuta mpaka macho yakauma, na nilikuwa nimeanza kutunga maneno ya kumwambia dada, nilipofikia lile dimbwi. Maman alikuwa amerudi nyuma, ndiyo, lakini hakurudi vya kutosha. Mwili wake haukuonekana. Sura yake ilibaki ndani ya maji, pembeni ya kuba, kuanzia kiunoni mpaka kichwani.

Rafiki yangu mwenye studio aliwasha jenereta, akakuza ile pembe moja tu. Tukaigeuza. Alikuwa yeye, na plastiki yake, shavu moja limepasuliwa na tone la mvua. Dada aliitazama muda mrefu, akasema huyu si maman, maman hakushika sufuria kwa kushoto hata siku moja. Alisema kweli: maji ukiyageuza, yanabadilisha mikono. Rafiki yangu akaipindua negatifu, mgongo juu, akachapa tena. Sufuria ikarudi mkono wa kulia. Hapo ndipo dada yangu alipolia, na mimi pia.

Kesho yake tulizika. Kioo cha kufunika picha hakikupatikana. Madirisha ya muji yalikuwa yamevunjika, na kila kipande kilichobaki kilikuwa na mwenyewe. Tukaibandika kwenye kartoni. Hatujafika hata barabara kubwa, mvua ikaanza. Dada yangu, aliyekuwa mbele, aliifunika picha kwa kitenge chake na kuibana kifuani, nami nikakimbilia kwake na mwavuli. Jeneza lilikuwa nyuma yetu, linalowana.

Watu walisimama chini ya mabati ya maduka, wakitafuta uso, wasiuone. Baba mmoja mzee alivua kofia, akauliza kwa sauti ya chini ni nani huyo.

"Ni maman wa mupiga picha," dada yangu akamjibu, na hakugeuka kuniangalia.