Nukta Zilizokwama Mlangoni

Kompyuta zilipoanza kuenea maofisini Dodoma, nilipewa kazi ya kupima jinsi watu watakavyotoka kwenye ukumbi wetu wa mikutano moto ukizuka. Kwenye skrini kila mtu alikuwa nukta. Nukta zilikimbilia mlango wa mbele, zikabanana, zikaganda. Kila niliporudia, zilizoanzia jukwaani hazikutoka.

“Mlango wa nyuma upo,” nilimwambia mkuu wangu, “ila una kufuli.”

“Wezi, dada.”

Nikamwomba akae atazame. Alitazama mpaka nukta zikasimama, kisha akauliza taratibu, “Siku ya mkutano mimi nakaa wapi?”

Nikamwonyesha jukwaa kwa kidole.

Kesho yake aliita fundi akate kufuli, maana ufunguo ulishapotea zamani.